Shamba la baba ekari 9: tulivyolipitisha mipango miji mpaka likawa viwanja 41

#1 Mwana wa Mkorosho (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji tu humu. Leo naanzisha uzi kwa sababu kila baada ya siku chache naona mtu anauliza: "Nina shamba pembezoni mwa mji, niuze kwa ekari au nipime viwanja?" Na kila mara wanaowahi kujibu ni wale wanaotafuta shamba la kununua. Mimi sinunui na siuzi. Nataka kueleza tulivyofanya sisi, tulipokosea na tulipopatia, ili mwenye shamba asome kabla hajatia sahihi yake popote.

Tuko watoto watano, wanaume watatu na wanawake wawili, na mama yupo hai, Alhamdulillah. Baba alituachia shamba la mikorosho na miembe, ekari 9, mkoa wa Pwani. Alipolifyeka kulikuwa pori na kijiji kidogo. Leo ni mtaa, una mwenyekiti, na bodaboda inakushusha mlangoni. Jina la halmashauri naliacha, kwa sababu nitasema mazuri na mabaya na sitaki mtu aharibikiwe kazini.

Arobaini ya baba haijafika, madalali walishaanza kupiga hodi. Bei ya ekari, fedha taslimu, wiki ijayo mnagawana. Kaka mkubwa alishaelekea huko moyoni na simlaumu, ana watoto wanne shuleni. Aliyetusimamisha ni mama. Alimuuliza dalali swali moja tu: "Huyo mtu wako anayetaka ekari tisa, atalima korosho?" Dalali akacheka, akasema hapana mama, atakata viwanja. Mama akanyamaza. Walipoondoka akatuambia: "Kama pesa iko kwenye kukata, mnamwachia mgeni akate ya nini?"

Lakini kukata kwenyewe kuna namna mbili. Mtaa wa jirani walikata kwa miguu, ishirini kwa ishirini, kila mwenye shamba na kamba yake. Nenda ukaone. Kuna nyumba za mamilioni ambazo gari la majitaka haliwezi kuzifikia. Mwaka juzi nilizika huko, jeneza tulilibeba mabegani tukipinda kona tatu kati ya ukuta na ukuta, na mahali pamoja ilibidi tuliinue juu ya uzio wa mtu. Tulikubaliana siku ile: shamba la baba halitakuwa hivyo. Tutalipeleka halmashauri lipangwe, lichorwe, lipimwe, ndipo ligawanywe.

Tulianza na mirathi. Usiruke hapa. Hakuna ofisi itakayokusikiliza kama shamba bado lina jina la marehemu na nyinyi mko watano mnasema "letu". Tulifungua shauri Mahakama ya Mwanzo, kaka akateuliwa msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao cha ukoo ukiwa na sahihi zetu wote, mama akiwemo.

Kisha tukaenda idara ya ardhi ya halmashauri kuuliza swali ambalo watu wengi hulisahau: mpango wa mji unasema nini kuhusu hapa kwetu? Afisa mipango miji alitufungulia ramani kwenye kompyuta. Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa makazi. Kona ya chini ilikuwa njia ya maji, isijengwe. Na mashamba ya ng'ambo ya barabara, mita mia mbili kutoka kwetu, yalikuwa yametengwa kwa viwanda. Wenyewe kule walikuwa wanauziana viwanja vya kujenga nyumba, na sidhani kama kuna aliyewaambia. Nusu saa ya kuuliza, bure.

Tukaandika barua kwa mkurugenzi, kupitia mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata, kuomba shamba liandaliwe mchoro wa mipango miji. Halmashauri ikatupa ruhusa kutumia kampuni binafsi iliyosajiliwa, kwa kuwa wao walikuwa na watu wachache na kazi nyingi. Tulimtafuta mtaalamu wa mipango miji na mpima, tukaandikiana malipo kwa hatua: kidogo kuanza, kidogo mchoro ukipita, kilichobaki ramani ya upimaji ikiidhinishwa. Majirani wote wakaitwa kuonyesha mipaka na kutia sahihi. Mmoja uzio wake ulikuwa umeingia kwetu mita moja na nusu. Tulimwachia. Mita moja na nusu haifanani na miaka saba ya kesi baraza la ardhi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mchoro wa kwanza ulipokamilika, ulibandikwa ukutani ofisi ya serikali ya mtaa, tukaitwa tuutazame. Karatasi kubwa, mistari meusi, namba kwenye kila kiwanja. Kila mtu alikuwa anahesabu viwanja. Vilikuwa 44. Kaka alishaanza kupiga mahesabu kwenye simu. Mama akasogea, akaweka mkono kwenye karatasi akauliza: "Mwembe wetu uko wapi hapa?" Yule kijana mpimaji hakumpuuza, Mungu ambariki. Akachukua kifaa chake, tukatoka wote hadi shambani, akasimama chini ya mwembe, akasoma, akarudi kwenye karatasi: kiwanja namba 23. Mama akasema, sawa, sasa twende kwa babu yenu.

Babu na bibi wamezikwa humo humo shambani, na watoto wawili wa shangazi waliofariki wadogo. Si makaburi ya saruji. Ni mawe, moja kichwani moja miguuni, chini ya mikorosho miwili mikubwa. Kijana akasimama hapo, akasoma, akanyamaza kidogo. Namba 17 na nusu ya namba 18. Yaani tungeuza kaburi la babu na mtu angechimba msingi.

Hakuna aliyekusudia. Mchoro wa awali ulitegemea picha ya satelaiti, na satelaiti ikitazama kutoka juu inaona jani la mkorosho. Haioni jiwe lililo chini yake. Wakati wa kupima shamba sisi tulionyesha mipaka, tukarudi nyumbani kunywa chai. Hakuna aliyeambatana na mpimaji ndani.

Mchoro ukarudishwa kuchorwa upya. Makaburi yakawekwa ndani ya eneo la wazi, na eneo la wazi likahamishwa kutoka kule bondeni walikokuwa wamelitupa (kila mtu hutupa eneo la wazi mahali pasipouzika) likaja katikati. Viwanja vikashuka kutoka 44 hadi 41. Barabara ya katikati mita 15, za pembeni mita 10, moja imeachwa wazi mwisho wake ili jirani akipima kesho ziungane. Jumla, barabara, eneo la wazi na ile njia ya maji vimechukua kama ekari mbili na nusu kati ya tisa. Nakiri iliuma. Dada yangu alilia.

Mchoro ulipita kamati ya madiwani, ukaenda ofisi ya ardhi ya mkoa, ukarudishwa mara mbili kwa marekebisho, ukapita. Ndipo mpima akaja kupanda mawe ya mipaka, ramani yake nayo ikaidhinishwa. Tangu barua ya kwanza hadi hati ya kwanza, miaka miwili na miezi miwili.

Ulizeni, nitajibu nikipata nafasi.

#2 Kigoda

Nimekaa mkuu. Hapo kwenye makaburi nimesimama kusoma nikampigia simu baba mdogo. Sisi tuna shamba Mkuranga na wazee wamelala humo, mchoro tayari uko halmashauri.

#3 Mwana wa Mkorosho

Kigoda, nenda kesho, usingoje wiki ijayo. Kama haujapita kamati bado ni kalamu na raba tu. Ukishapita ni maombi ya kubadilisha mchoro, barua upya, ada upya. Mawe yakishapandwa na kiwanja kikauzwa, hapo unaongea na mnunuzi mwenye karatasi.

#4 Wa Mlandizi

Mleta uzi, nakupongeza lakini wengi hatuna uwezo wa kungoja miaka miwili wala fedha za kuanzia. Sisi tuliingia ubia na kampuni. Wao wanapanga, wanapima, wanachonga barabara, hatutoi hata senti. Mavuno: mwenye shamba 60, kampuni 40 kwa kila viwanja 100. Ilichukua miezi kumi na minne.

Kilichotuumiza ni sentensi moja. Mkataba ulitaja idadi ya viwanja, haukutaja ni viwanja vipi. Siku ya kugawana, kampuni ikachukua arobaini zake mstari wote wa barabara kuu, sisi tukabaki na vya ndani. Kwa idadi hatukuibiwa. Kwa thamani tulipata labda sawa kwa sawa, pengine chini ya hapo. Kwa hiyo anayekwenda ubia aandike: kugawana kwa zamu, yeye kimoja mimi kimoja, kuanzia barabarani, au kwa thamani iliyofanywa na mthamini. Na aandike pia nani analipa kama mchoro ukikataliwa, maana kwetu ulirudishwa na wakataka tuchangie.

#5 Mwana wa Mkorosho

Wa Mlandizi, ahsante sana kwa ukweli huu. Sikudharau ubia, hata sisi tuliletewa mkataba wa aina hiyo hiyo, 60 kwa 40. Kwa viwanja 41 ingekuwa 16 vinakwenda. Tulivyofanya sisi: kaka aliuza gari, mimi na dada tukakopa kwenye ushirika, tukafika hatua ya ramani kuidhinishwa. Hapo tukauza viwanja 7, tukalipa madeni, tukachonga barabara na kulipia gharama za hati za mama. Saba dhidi ya kumi na sita, hiyo ndiyo bei ya kungoja. Asiyeweza kungoja simlazimishi, ila ajue anachokilipa.

#6 Mchora Ramani

Mimi ni mtaalamu wa mipango miji, nimesajiliwa, nafanya kazi hizi. Mleta uzi ameeleza vizuri kuliko wengi wetu tunavyowaeleza wateja. Naongeza machache.

Mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007. Sheria hiyo inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kupanga wala kupima, na karatasi yake ya mauziano haibadilishi shamba kuwa kiwanja. Vilevile mchoro wenyewe haukupi umiliki. Mchoro unasema hapa patatumikaje. Upimaji unasema mpaka uko wapi. Hati ndiyo inasema ni ya nani, kwa miaka mingapi (33, 66 au 99) na kwa matumizi gani. Watu wanachanganya hatua hizi tatu, na matapeli wanaishi kwenye mchanganyiko huo: "kiwanja kimepimwa" anakuonyesha mchoro tu.

La pili, kama shamba lako liko kijijini na kijiji hakijatangazwa kuwa eneo la mipango miji, njia ni nyingine. Hapo kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, kuna mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, kuna Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu, na unachopata ni hatimiliki ya kimila. Usidanganywe na mtu anayekuuzia "kiwanja chenye ofa" (barua ya kumilikishwa ardhi) katikati ya kijiji kisichopangwa.

La tatu, ukubwa. Wenye mashamba huniomba niwachoree viwanja vya mita za mraba 200 ili viwe vingi. Ujazo wa juu (viwanja vidogo, nyumba zinakaribiana) unaanzia kama mita 300 hadi 600, wa kati hadi 1,200, na wa chini (viwanja vikubwa) unazidi hapo. Nikichora chini ya viwango mchoro utarudi na mteja ataniona mimi ndiye mkwamishaji.

Na kwa wenye mashamba yanayogusa mto, ziwa au bahari: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Nimeona familia inahesabu viwanja kumi na mbili ukingoni mwa mto, ninapoweka zile mita 60 vinabaki vitatu. Heri ujue kabla hujapanga matumizi ya fedha.

Kuhusu makaburi, nakubali kosa letu. Siku hizi nikienda shambani naomba mzee mmoja wa familia atembee nami kila mstari. Mzee, si kijana. Kijana anajua mipaka, mzee anajua kisima kilichofukiwa kiko wapi.

#7 Bi Zuhura wa Chanika

Salaam kwenu. Nimesoma yote nikalia. Mimi ni mjane, nina ekari moja na robo tu. Mtaa wetu ulipangwa kwa pamoja, wataalamu walikuja, tukachangia. Mchoro ulipotoka, robo tatu ya ekari yangu imeandikwa shule ya msingi. Majirani zangu wana viwanja vinne, vitano, mimi nina kimoja na shule. Nilipouliza nikaambiwa "mama, maendeleo ni ya wote". Mkutano wa kuupitisha ulifanyika, lakini mimi nilikuwa Muhimbili na mgonjwa. Je, nimeshapoteza?

#8 Mchora Ramani

Pole sana mama. Hapana, hujapoteza.

Kuandikwa shule kwenye mchoro hakukunyang'anyi ardhi yako siku hiyo hiyo. Serikali ikitaka kuichukua kwa ajili ya shule inapaswa kukulipa fidia iliyo kamili, ya haki na kwa wakati. Maneno hayo yamo ndani ya Sheria ya Ardhi ya 1999. Mthamini aje, uthamini uidhinishwe, ulipwe. Malipo yakipita miezi sita unadai na riba, na uthamini usiolipwa ndani ya miaka miwili unakufa, inabidi ufanywe upya. Lakini nikuambie kwa uwazi: halmashauri nyingi hazina fungu la fidia, kwa hiyo unaweza kukaa miaka umeshikilia shamba usiloweza kujenga wala kuuza. Wakongwe wa Kigamboni wanalijua hilo, eneo lao lilitangazwa la mji mpya 2008 na waliishi miaka mingi bila kujua wajenge au wasubiri.

Kwa hiyo usingoje fidia. Andika barua ya malalamiko kwa mkurugenzi, nakala kwa afisa mipango miji na ofisi ya ardhi ya mkoa, ueleze kwamba mzigo wa huduma ya mtaa mzima umewekwa kwa mtu mmoja. Kisha pendekeza suluhisho: kila aliyefaidika na mpango achangie. Kwa mfano mtaa una viwanja 200, kila kiwanja kikichangia kidogo, wewe unalipwa na shule inabaki. Au upewe viwanja mbadala kutoka kwenye vile vya wengine kabla hati hazijatoka. Nimeshuhudia mtaa ukifanya hivyo, wenye maeneo makubwa walimega kiwanja kimoja kimoja wakampa aliyeangukiwa na soko. Iliwezekana kwa sababu hati zilikuwa bado. Je, kwenu hati zimeshatoka?

#9 Bi Zuhura wa Chanika

Bado mwanangu. Mawe ndiyo wameanza kupanda upande wa juu, kwangu hawajafika.

#10 Mchora Ramani

Basi barua iende wiki hii, mama. Gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, uihifadhi. Nitumie ujumbe wa faragha, nitakusaidia kuiandika, silipwi.

#11 Mkilifi

Hamjambo ndugu zangu. Huku kwetu Pwani ya Kenya mambo yako kwa serikali ya kaunti, na sheria ni ile ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019. Shamba likiwa la kilimo, kabla ya kuligawanya au kuliuza unapita bodi ya ardhi. Ukitaka kulibadilisha liwe la nyumba au biashara unamchukua mpangaji aliyesajiliwa, unatoa tangazo gazetini na kibao unakisimamisha shambani penyewe ili jirani asome na apinge akitaka.

Hicho kibao nakitaja makusudi. Marehemu baba alipinga ombi la jirani kupitia kibao hicho hicho. Yule jirani alitaka kuweka kituo cha mafuta pembeni ya kisima tunachonywa. Baba hakujua sheria hata moja, alijua kusoma tu. Aliandika karatasi moja, akaipeleka kaunti, akaitwa, akasikilizwa. Kituo hakikujengwa. Nyinyi huko mnatangaziwa vipi?

#12 Mchora Ramani

Mkilifi, kwetu wenye ardhi na majirani huitwa mkutanoni na mchoro hubandikwa ofisi ya mtaa au kata. Udhaifu uko hapo alipopataja Bi Zuhura: aliyekosa mkutano amekosa habari. Kibao shambani ni jambo zuri, mtu anakiona akienda kuchota maji.

#13 Yuko Reading

Naandika kutoka Uingereza, ninafanya usafi kwenye ofisi za halmashauri na kwa sababu hiyo nimekuwa nikisoma matangazo yao ukutani. Huku halmashauri inapoandaa mpango wa eneo lake, mpango wa kutazama mbele miaka 15 au zaidi, inatoa wito kwa wenye ardhi: mwenye shamba analotaka lijengwe nyumba alilete. Unajaza fomu, unaambatanisha ramani yenye mpaka mwekundu, unaeleza barabara inafikaje, maji yanatuama wapi, wamiliki ni wangapi na wote wamekubali. Wanalipima kwa vigezo, likifaa linaingia kwenye mpango.

Na hata likiingia, hujapata kibali. Kibali cha kujenga unaomba baadaye, peke yake. Tangu sheria yao ya 1947, kuwa na ardhi hakukupi haki ya kuijenga, haki hiyo inatoka kwa halmashauri. Lakini shamba lililoingia kwenye mpango bei yake inaruka mara nyingi sana kabla hata jembe halijagusa udongo.

Ninalotaka kusema ni hili: huku wanangoja kuitwa na tarehe ya mwisho ikipita unaweza kukosa. Kwetu unaweza kuandika barua hata kesho asubuhi. Nimempigia simu mjomba Kibaha, nimemwambia akae na wenzake watatu waliopakana, waandike barua moja.

#14 Wa Mlandizi

Yuko Reading umesema jambo kubwa, kuungana. Majirani watatu wakiandika pamoja barabara inagawanywa kwa watatu, eneo la wazi kwa watatu. Kila mmoja akienda peke yake kila mmoja anabeba barabara yake, na mwishoni hazikutani. Na tangu reli ya SGR na bandari kavu ya Kwala, upande wetu wanunuzi wanakuja na mifuko. Tusipojipanga watatupanga.

#15 Dada wa Kati

Mleta uzi, samahani, nina swali la ndani kidogo. Ulisema dada yako alilia. Mlivyogawana, dada zako walipata? Kwetu kaka zetu wamesema sisi "tumeolewa", viwanja ni vya wanaume.

#16 Mwana wa Mkorosho

Dada yangu, si swali la ndani, ndilo swali lenyewe, na nilipaswa kulieleza mapema.

Kwanza, kuolewa hakumwondoi mtoto kwenye mirathi ya baba yake. Msimamizi wa mirathi akigawa bila kuwaorodhesha nyinyi, nendeni mahakama ile ile iliyomteua mkaweke pingamizi. Anawajibika kupeleka hesabu ya mgawanyo huko, shamba si lake binafsi.

Sisi ni Waislamu, tukamwita sheikh atupigie hesabu. Mama thumuni, yaani moja ya nane. Kilichobaki, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Kwa wanaume watatu na wanawake wawili shamba linagawanyika mafungu 64: mama 8, kila mwanaume 14, kila mwanamke 7. Sasa mtu akate ekari 9 za mikorosho kwa mafungu 64, kwa miguu! Ndiyo maana koo nyingi zinagombana, au wanauza lote wagawane pesa kwa sababu pesa ndiyo inayogawanyika. Mchoro ulitusaidia hapo kuliko popote. Baada ya kuuza vile 7, vilibaki viwanja 34, takriban mita za mraba 22,000. Fungu moja likawa kama mita 344. Tukaliweka kwa mita, si kwa idadi ya viwanja, na vya barabara kuu tukavihesabu kwa thamani zaidi. Dada zangu kila mmoja ana vinne, kwa majina yao, si ya waume zao wala yangu. Vilipokosekana sawasawa tulifidiana kwa fedha kidogo, na yote yameandikwa na kupelekwa mahakamani.

Dada alilia siku viwanja viliposhuka kutoka 44 hadi 41, akidhani vitakatwa kwake. Havikukatwa kwake.

#17 Kigoda

Wakuu, mrejesho. Nimetoka halmashauri leo. Mchoro wetu haujapita kamati. Nimekwenda na baba mdogo, ana miaka 78, ameonyesha kwa kidole mahali wazee walipo. Afisa ametupa siku ya kwenda shambani na mpimaji, Jumanne.

#18 Mwana wa Mkorosho

Alhamdulillah. Mchukue baba mdogo mwenyewe hiyo Jumanne, na mchukulie kiti na maji, kazi ni ya siku nzima.

Mmeniuliza kwa faragha mama alichukua viwanja gani. Tulimpa achague wa kwanza kabla ya mtu yeyote. Kaka alimshauri achukue vya barabarani, vina bei. Akachukua namba 23, mita 420, kidogo kuliko vyote, cha ndani, kwa sababu mwembe umo. Hati yake imetoka mwezi uliopita, miaka 99. Ameiweka kwenye kasha moja na kadi ya baba ya kuuzia korosho.

Na wale wanaonunua huko kwetu: tumekubaliana na mtaa lile eneo la wazi tulizungushie michongoma, tupande mikorosho mipya pembeni, katikati watoto wacheze mpira. Upande wa makaburi tumeacha njia ya kuingilia.